Jua la Sigalagala na Taa za Hospitali

Mtu asafiriye kutoka Kisumu kwenda Kakamega, mwendo wa kilomita 50 hivi, hupanda vilima vya Maragoli, hupita Mbale na Chavakali, kisha hufika Sigalagala, kaskazini kidogo ya Ikweta. Wasafiri wengi hupajua mahali hapo kwa ajili ya chuo cha ufundi kilichoko huko. Mbele kidogo ni Khayega, nchi ya mapigano ya mafahali, na mbele tena ni Ilesi, penye lile jiwe refu litiririkalo maji kama mtu aliaye. Hayo yameandikwa mara nyingi. Jambo lisiloandikwa sana ni jua la huko na matumizi yake.

Jua la Sigalagala ni jua la asubuhi. Mchana upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda nyanda za juu, mawingu hujikusanya juu ya msitu wa Kakamega, radi hupiga, na pengine mvua ya mawe huanguka. Kwa sababu hiyo kila kitu cha kuanikwa huanikwa mapema: mahindi na maharagwe juu ya turubai, nguo juu ya ua, na, kwa desturi ya nyumba nyingi, mtoto mchanga juu ya mapaja ya nyanya yake mbele ya mlango.

Desturi hiyo isichekwe. Jua huiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D, na mtoto aikosaye mifupa yake hulegea na miguu yake hupinda. Mwaka 1903 daktari Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa nguvu ya mwanga. Mwaka huo huo Auguste Rollier alianza huko Leysin, katika milima ya Uswisi, kuwalaza juani wagonjwa wa kifua kikuu cha mifupa. Tiba yake ilififia zilipopatikana dawa za kuua vijidudu vya ugonjwa huo.

Walakini akina nyanya wa Sigalagala huwa na sababu nyingine ya kumweka mtoto juani, nayo ni manjano, yaani macho na ngozi ya mtoto kugeuka rangi siku chache baada ya kuzaliwa. (Ugonjwa huu si homa ya manjano, ile iletwayo na mbu.) Hata hapo hawakukosea kabisa. Mwaka 1956 Sister Jean Ward, muuguzi wa hospitali ya Rochford nchini Uingereza, aliyekuwa akiwatoa watoto bustanini wapate jua na hewa, alimwonyesha daktari mtoto ambaye umanjano wake ulikuwa umefifia, isipokuwa pale ngozi ilipofunikwa na shuka. Mwaka 1958 Dr Cremer na wenzake wa hospitali hiyo walitangaza taa waliyoibuni kwa ajili hiyo, na tangu wakati huo taa za namna hiyo zimeenea duniani.

Kosa liko wapi basi? Liko katika kudhani kwamba jua ni kitu kimoja. Mwaka 1800 William Herschel aliupasua mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu, akaweka kipimajoto nje ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wowote, akaona joto lapanda. Mionzi hiyo huitwa infraredi. Upande wa pili wa rangi kuna mionzi ya urujuanimno, ambayo huunguza ngozi. Umanjano wa mtoto hauvunjwi na joto wala na urujuanimno. Kazi hiyo hufanywa hasa na mwanga wa rangi ya buluu, ambao huigeuza bilirubini, ile rangi iliyozidi damuni, ipate kutoka mwilini.

Infraredi nayo ina chumba chake hospitalini, katika idara ya fiziotherapia. Mkulima ambaye mgongo wake umekaza kwa jembe huwekewa taa hiyo kwa dakika 15 au 20 ili misuli ilegee kabla ya mazoezi. Lakini kwanza mganga huhakikisha kwamba ngozi yake yatambua moto na baridi, kwa maana mwenye ganzi, kama wagonjwa wengi wa sukari, aweza kuungua bila kujua. Mtoto mchanga naye hawezi kusema kwamba amepata joto mno.

Tena jua lina hila. Ngozi iliyokaa mwangani hufifia upesi, na mama hufurahi, kumbe bilirubini iliyo damuni bado ni nyingi. Ikizidi sana huingia katika ubongo, na mtoto aweza kufa, au kuwa kiziwi, au kulemaa maisha yake yote. Umanjano mdogo wa siku ya pili au ya tatu ni wa kawaida na huisha wenyewe. Bali ule uonekanao kabla ya saa 24 kutimia, au ufikao viganjani na nyayoni, au uambatanao na kukataa ziwa na kulala kupita kiasi, ni wa kupelekwa hospitali siku ile ile, iwe Mukumu au Kakamega. Weupe wa macho na ufizi utazamwe mchana, si kwa taa ya chemli. Nguo za mtoto zisiwekwe pamoja na vidonge vya kuzuia nondo, kwa sababu watu wengi wa nchi za malaria wana upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na naftalini huwaletea manjano makali.

Hospitalini mtoto hulazwa uchi chini ya taa ya buluu, macho yamefunikwa, naye hunyonya kama kawaida. Shida ni kwamba ngurumo za alasiri huweza kukata stima. Mwaka 2015 madaktari huko Lagos, Nigeria, walitangaza jaribio la watoto 447: wengine waliwekwa chini ya taa, wengine nje, chini ya hema la karatasi maalumu ya plastiki izuiayo urujuanimno na sehemu kubwa ya infraredi lakini ipitishayo buluu. Hema lilifaulu katika siku 93 kwa kila 100 za matibabu, na taa siku 90. Hata hivyo joto la mwili lilipanda zaidi kwa watoto wa hemani, nao walikuwa chini ya macho ya wauguzi waliowapima mara kwa mara. Fremu ya hema kama hilo fundi yeyote wa Sigalagala aweza kuichomelea kwa siku moja. Plastiki yake siyo ile iuzwayo dukani kwa kufunikia miche.