Nyayo Thelujini, Nyayo Mchangani: Mchezo wa Kona Ukitazamwa kutoka Garissa

Mchezo wa video uitwao Kona ulitungwa na kampuni ya Parabole ya jimbo la Quebec nchini Kanada, ukatolewa kwa ukamilifu mwaka 2017. Umbo lake ni mseto wa tanzu mbili. Kwa upande mmoja ni hadithi ya upelelezi: Carl Faubert, mpelelezi wa kujitegemea aliyewahi kupigana katika vita vya Korea, anakwenda kaskazini mwa Quebec mwaka 1970 kwa wito wa Hamilton, tajiri ambaye mali yake imeharibiwa na watu wasiojulikana. Kwa upande wa pili ni hadithi ya kuokoka: dhoruba ya theluji imeufunika ukanda mzima wa ziwa, tajiri mwenyewe anakutwa amekwisha kufa, nyumba hazina watu, na mpelelezi hana budi kutafuta kuni, viberiti na dawa kabla baridi haijamwua. Makala haya yanadhamiria kuuchunguza upokezi wa mchezo huo, kisha kuuliza unasomekaje ukitazamwa kutoka Garissa, mji wa ukingoni mwa Mto Tana, ambako theluji haijulikani lakini nyayo, ushahidi na kuokoka ni mambo yenye historia nzito.

Sifa ya kwanza inayostahili kuzingatiwa ni usimulizi. Mchezaji huuona ulimwengu kwa macho ya Faubert, huinua mkono wa Faubert, huendesha gari la Faubert. Hata hivyo sauti ya msimulizi maizi humtaja Faubert kwa nafsi ya tatu, ikieleza anachokifikiri na anachokiogopa. Mchezaji kwa hiyo ni mtendaji na msikilizaji kwa wakati mmoja: anatenda jambo, kisha anasimuliwa kwamba amelitenda. Kwa msomaji wa riwaya jambo hili ni geni. Kwa mtafiti wa fasihi simulizi si geni sana, maana hadhira ya ngano nayo huitikia, huimba na huingilia kati, na bado hubaki kuwa hadhira. Pengine ndiyo sababu sauti ya msimulizi ni miongoni mwa vipengele vilivyosifiwa zaidi na waliouchambua mchezo huu.

Sifa nyingine walizozitoa ni za mandhari: ukimya, upepo, weupe usio na mwisho, na hisia ya kwamba kila nyumba ina siri. Lawama nazo zinafahamika. Mapigano, hasa dhidi ya mbwa mwitu, yalionekana kuwa mazito na yasiyo na ustadi. Na mwisho wa hadithi ulionekana na wengi kuwa wa haraka, usiolingana na subira iliyotangulia. Mchezaji alikuwa amekusanya barua, picha na shajara za watu waliotoweka, akategemea kwamba vipande hivyo vyote vingepangwa na kuwa jibu moja. Badala yake mchezo ukaachia nafasi jambo lisiloelezeka kwa akili, lililofungamana na simulizi za wenyeji wa asili wa nchi ile.

Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake maarufu wa mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Konstanz, alifundisha kwamba kazi ya sanaa hupokewa ndani ya upeo wa matarajio ambao hadhira imekwisha kuwa nao. Lawama juu ya mwisho wa Kona ni mfano mzuri wa upeo huo. Utanzu wa upelelezi ni ahadi: kwamba aliyeuawa ana muuaji, kwamba muuaji ameacha alama, na kwamba mtu mmoja mwenye akili ataisoma alama hiyo hadi mwisho. Msomaji wa Kiswahili anaifahamu ahadi hii tangu zamani. Mohamed Said Abdulla alimwingiza Bwana Msa katika fasihi ya Kiswahili kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, na Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo mwaka 1965. Bwana Msa, ambaye aghalabu hulinganishwa na Sherlock Holmes, huyakabili mambo ambayo jamii iliyamzunguka inayahusisha na mizimu, naye huyarejesha katika uwanja wa sababu na matokeo. Kona huenda njia ya kinyume: huanza na sababu na matokeo, ikaishia penye mzimu. Msomaji aliyelelewa na Bwana Msa angekuwa na haki ya kulalamika kama walivyolalamika wachezaji wengine.

Hata hivyo upeo wa matarajio hautokani na vitabu pekee. Hutokana pia na ardhi na historia. Hapa ndipo Garissa inapoingia katika hoja. Achukuliwe mchezaji wa kudhaniwa, aliyekulia Garissa, Wajir au Mandera, anayeyajua malezi ya wafugaji. Atakutana na nini katika mchezo huu?

Kwanza atakutana na kuokoka kwa namna asiyoizoea. Si baridi itakayomshangaza. Kubadili baridi kwa jua na kuni kwa maji si kazi ngumu kwa akili. Anayejua kuhesabu siku za safari kutoka kisima kimoja hadi kingine ataelewa upesi kwa nini Faubert anahesabu vijiti vya kiberiti. Kitakachomshangaza ni upweke. Katika Kona mtu huokoka peke yake. Huingia nyumba za watu bila kupiga hodi, maana hakuna wa kuitikia, akachukua kila atakachokiona. Mchezo unauhesabu uchukuaji huo kuwa busara. Lakini katika ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, pale misimu mitano ya mvua ilipokosekana kwa mfululizo katika Pembe ya Afrika, wafugaji wa maeneo haya waliopoteza mifugo hawakuishi kwa vitu vya nyumba zilizohamwa. Walitegemea jamaa, majirani, mikopo ya madukani na misaada. Kuokoka kulikuwa uhusiano. Kwa hiyo nyumba tupu ambayo kwa mchezaji wa Montreal ni ghala la vifaa, kwa mchezaji huyu ni habari mbaya yenyewe. Swali lake la kwanza huenda lisiwe kuna nini cha kuchukua humu, bali wenyewe wako wapi.

Pili, atakutana na nyayo. Theluji na mchanga ni karatasi za aina moja: zote hupokea alama na zote huifuta, moja kwa theluji mpya, nyingine kwa upepo. Lugha ya Kisomali ina neno raad, yaani unyayo au alama iliyoachwa, na kitenzi raadi, yaani tafuta, kinafanana nalo kwa sauti na kwa maana. Mfugaji aliyepotelewa na ngamia husoma alama za nyayo na za malisho. Ngamia mwenyewe hubeba sumad, alama ya kuchomwa kwa moto inayotangaza ni wa ukoo gani. Kwa maneno mengine, upelelezi katika nchi hii ni maarifa ya kila siku, yaliyoenea kwa watu wengi. Hauhitaji mgeni mwenye koti zito atoke mjini. Katika Kona maarifa ya mwenyeji yako pembeni: wenyeji wa asili wa Cree ni washukiwa kwanza, na fumbo baadaye, lakini anayesoma alama ni Faubert.

Neno nyayo lenyewe lina uzito wake nchini Kenya. Tangu mwaka 1978 Daniel arap Moi alilifanya kuwa kaulimbiu ya utawala wake, akiwataka wananchi wafuate nyayo. Kwa mwenyeji wa Kaskazini Mashariki, miaka hiyo ya kufuata nyayo ndiyo pia miaka ya Bulla Karatasi, mtaa wa Garissa uliochomwa moto na askari wa usalama mwaka 1980 baada ya maafisa wa serikali kuuawa. Ya uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na Wajir mwezi Februari 1984. Na ya ukaguzi wa mwaka 1989 uliowalazimisha Wakenya wenye asili ya Kisomali kuthibitisha uraia wao kwa kadi za pekee. Katika matukio hayo mwananchi wa huku hakuwa mpelelezi. Alikuwa mpelelezwa.

Hapa tarehe ya Kona inapata maana ambayo yamkini watunzi wake hawakuikusudia. Mwaka 1970 ndio mwaka ambao Kanada, tarehe 16 Oktoba, ilitangaza sheria ya hali ya vita kutokana na utekaji nyara uliofanywa na kundi la kupigania uhuru wa Quebec. Watu mamia walikamatwa bila kufunguliwa mashtaka. Garissa nayo wakati huo ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa mwezi Desemba 1963, mwanzoni mwa vita vilivyoitwa vya Shifta, na ambayo sheria zake hazikuondolewa hadi mwaka 1991. Kanada ilikaa katika hali hiyo kwa miezi. Kaskazini Mashariki ilikaa kwa takribani miaka 28. Isitoshe, katika mwaka huo huo wa 1970 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuwakinga maafisa na askari dhidi ya mashtaka kwa matendo yaliyofanyika katika eneo hili na wilaya za jirani kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na tarehe 1 Desemba 1967. Faubert anapowasha jiko katika nyumba ya marehemu na kuanza kusoma barua zake, huku kwingine sheria imekwisha kuamua kwamba barua za namna hiyo zisisomwe mahakamani.

Tofauti iliyo kubwa zaidi yaonekana Wagalla. Wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na kuzuiliwa katika uwanja wa ndege kwa siku kadhaa, na wengi wakauawa. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu mjini Wajir, alisaidia kuokoa majeruhi na kuzika maiti. Mwaka uliofuata alilazimika kuondoka nchini. Serikali ilikuja kukiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhi ripoti yake mwezi Mei 2013, ilikadiria kwamba huenda waliouawa walikaribia 1000. Kati ya 57 na 1000 kuna pengo ambalo hakuna hesabu ya kawaida inayoweza kuliziba.

Mchezaji wa Kona hukuta mashahidi wote wamekufa au wametoweka, ila karatasi zinasema: kila nyumba ina shajara, kila shajara ina ungamo. Wagalla mambo yalikuwa kinyume. Mashahidi walikuwa hai, wajane na yatima na walionusurika, nao walikuwa tayari kusema. Karatasi ndizo zilizonyamaza. Hapakukosekana alama, wala hapakukosekana wa kuzisoma. Alikosekana wa kusikiliza, na hilo lilichukua miaka mingi. Utanzu wa upelelezi kama ulivyozoeleka hauna nafasi ya hali hii, kwa kuwa unadhani kwamba ukweli ukishajulikana kazi imekwisha. Huku ukweli ulijulikana mapema, na kazi ikawa haijaanza.

Yaweza kupingwa kwamba usomaji huu unautwika mchezo mzigo usio wake. Pingamizi hilo lina nguvu. Kona haikutungwa ili kuisema Kenya, na kijana wa Garissa anayo haki ya kucheza kwa burudani tupu, kukimbia mbwa mwitu wa theluji bila kukumbushwa misiba ya wazee wake. Kuna hatari pia ya kuligeuza eneo zima kuwa jina la majonzi. Tangu shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi, mji huu umetajwa mno kwa kifo na umetajwa kidogo mno kwa soko lake la mifugo, mashairi yake na maskani yake ya chai. Mhakiki anayeiona Garissa kwa macho ya msiba peke yake hatofautiani sana na mtunzi anayeiona kaskazini kuwa nchi tupu.

Lakini nadharia ya upokezi haimlazimishi mchezaji kusoma kwa njia moja. Inadai tu kwamba njia zilizopo zitambuliwe. Na njia ya Garissa inafunua jambo ambalo upokezi wa kwanza haukuliona. Wachezaji walilalamika kwamba mwisho wa Kona haukufungwa. Kwa mtazamo wa huku, mwisho usiofungwa ndio sehemu ya mchezo inayokaribiana zaidi na maisha. Kasoro iliyo kubwa iko mahali pengine: kwamba hakuna hata mmoja aliyeachwa hai ili amweleze Faubert kwamba anajua. Theluji imemrahisishia mtunzi kazi. Imeondoa watu na kuacha vitu, na vitu havibishani na mpelelezi.

Funzo kwa watunzi ni la moja kwa moja. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, tangu Bwana Msa, imekuwa na makao yake pwani na mijini: Unguja, Dar es Salaam, Nairobi. Siku itakapoandikwa ile ya Kaskazini Mashariki, haitatosha kumchukua Bwana Msa na kumpandisha ngamia. Mpelelezi wake hatakuwa na uhaba wa mashahidi, wala hatahitaji kufundishwa kusoma nyayo na watu wa mbali. Fumbo lake halitakuwa nani aliyetenda. Litakuwa kwa nini waliosema hawakusikilizwa, na nani alinufaika na ukimya huo. Hadithi ya namna hiyo itataka mpelelezi anayejua kupiga hodi na kungoja aitikiwe, kisha akae chini na kusikiliza hadi msemaji amalize.