Kutoka Arusha hadi Kaptembwo

Ukitoka Nairobi kwenda Nakuru, ukishapita Limuru na baridi yake, kuna mahali ardhi inakatika upande wa kushoto na Bonde la Ufa linajitokeza lote mara moja: Mlima Longonot na kreta yake, mashamba ya Mai Mahiu chini kabisa, na mbele zaidi Ziwa Naivasha. Abiria wenzangu ndani ya matatu hawakugeuza hata shingo. Mimi nilibandika uso dirishani mpaka miti ikaniziba. Ilikuwa mwaka 2019. Nilikuwa na umri wa miaka 20, nimetoka Arusha, na kifuani nilivaa beji nyeusi yenye jina langu la ukoo na jina la kanisa letu, Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Wengi wanatujua kwa jina fupi, Wamormoni.

Kwetu mmishonari hachagui kituo. Anaomba kutumika, anasubiri wito, na wito ukifika anafunga mizigo. Wavulana hutumika miaka miwili, wasichana miezi 18. Mshahara hakuna, familia na waumini wenzako ndio wanaobeba gharama. Hutembei peke yako hata kwenda dukani, mnapangwa wawili wawili, na mwenzako naye humchagui. Mwenzangu wa Nakuru alikuwa binti wa mkulima wa viazi kutoka Idaho, Marekani, aliyekuwa ametua Kenya muda mfupi kabla yangu. Alijua kusali kwa Kiswahili, alijua salamu, na alikuwa amekariri aya chache za Kitabu cha Mormoni, ambacho kinapatikana kwa Kiswahili tangu mwaka 2000. Kununua nyanya hakujua.

Tuliamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mazoezi kidogo, uji, kisha maandiko, kila mtu kivyake halafu pamoja. Baada ya hapo ilifuata saa ya lugha, na hiyo niliipenda kuliko zote. Mwenzangu alikaa mezani na daftari lake, anaandika ngeli kwa wino wa rangi mbalimbali, watu kwa buluu, miti kwa kijani. Mimi niliyezaliwa ndani ya lugha hii sikuwahi kujiuliza kwa nini mti unaanguka na jiwe linaanguka. Nilimweleza nilichoweza. Lakini Kiswahili cha mezani kilikuwa kinamtoroka kila tulipobisha hodi mlangoni kwa mtu, na watu wa Nakuru ni wakarimu kiasi kwamba wakimwona Mzungu anahangaika humhamishia kwenye Kiingereza papo hapo. Ukarimu huo ulimnyima lugha kwa miezi ya mwanzo. Kilichokuja kumfungulia ni chai.

Tulikuwa tunapanda matatu hadi mjini, tunavuka barabara ya Kenyatta chini ya mijakaranda, tunapanda nyingine kwenda Kaptembwo. Ni mtaa wa ploti: vyumba vimepangwa mstari, ua mmoja, bomba moja, kamba za nguo zimevuka juu ya vichwa vya watoto. Kiangazi upepo unainua vumbi jepesi linaloingia hata kwenye kurasa za Biblia. Ukiinua macho kaskazini unaiona volkano ya Menengai. Kusini, nyuma ya mabati ya mtaa wa Rhonda, kuna Ziwa Nakuru. Mvua za mwisho wa mwaka ule zilikuwa kubwa, na maji ya ziwa yalikuwa yakiendelea kupanda, yakimeza miti ya hifadhi na kuwasogelea watu majumbani.

Sheria yetu ya afya, tunayoiita Neno la Hekima, ilitolewa mwaka 1833 kule Ohio. Inatukataza pombe, tumbaku, kahawa na chai. Kijana wa Idaho anayekataa chai kwao hamkwazi mtu. Lakini Nakuru! Mashamba ya chai ya Kericho yako mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, maziwa yanatoka Njoro na Molo kila alfajiri, na hakuna nyumba mgeni anaketi asiletewe kikombe.

Nakumbuka chumba cha mama mmoja muuza mboga. Alitukaribisha tukae kitandani kwa sababu kiti kilikuwa kimoja, naye alikuwa amempa mtoto aliyekuwa akifanya kazi za shule. Kabla hatujatamka lolote, sufuria ilikuwa jikoni. Alimimina maziwa kutoka chupa ya plastiki, akaponda tangawizi kwa kitako cha kikombe cha bati, akaitupia ndani na majani ya chai, akasimama kuangalia isije ikafurika. Chumba kizima kikanukia. Nikamwambia, “Mama, tunashukuru sana, ila sisi hatunywi chai.”

Akageuka na kijiko mkononi. “Kwani chai yangu imefanya nini?”

Nilitaka kujibu. Mwenzangu akanitangulia. “Chai yako ni nzuri, mama. Mimi nimetoa ahadi.”

“Ahadi kwa nani?”

“Kwa Mungu.”

“Mungu alikukataza chai?”

“Ndiyo, mama.”

“Na maziwa?”

“Maziwa, hapana. Maziwa nakunywa.”

Mama akachekecha jambo hilo kwa muda. Akachukua sufuria nyingine ndogo, akachemsha maziwa yaliyobaki na tangawizi, akatupa vikombe viwili, kisha akaketi chini kwenye mkeka na kusema, “Sasa nieleze. Nieleze vizuri, pole pole.” Tulikaa pale mpaka giza likaingia. Mwenzangu akamweleza kwa maneno machache aliyokuwa nayo, na lilipomkwama neno, mama alimpa. Alipoomba maji kwa kusema anataka maji, mama alimrekebisha palepale: “Hapana, msichana wangu. Sema, ‘Mama, nisaidie na maji.’” Hakumhamishia kwenye Kiingereza hata mara moja, maana alikuwa anadai maelezo, na maelezo aliyataka kwa lugha yake.

Tangu siku ile nililiona jambo hilo kila tulipoingia nyumbani kwa mtu. Mgeni anayekunywa chai anaweza kukaa kimya, kikombe kikamsemea. Asiyekunywa analazimika kuzungumza. Lazima aeleze, aombe radhi, asifu harufu ya tangawizi, aulize habari za ng'ombe aliyetoa maziwa, ili mwenye nyumba aone kwamba hajakataliwa yeye. Mwenzangu alilipa kwa maneno kila kikombe ambacho hakukinywa, na hivyo ndivyo alivyojifunza Kiswahili.

Kulikuwa na siku za kwenda mbali zaidi. Molo ilimpenda, naye akaipenda Molo. Ni juu kule, baridi inauma asubuhi, na pande zote ni viazi. Wakulima waliotupa dakika mbili za adabu walishtuka walipomwona Mmarekani anachuchumaa shambani, anachimbua kiazi kwa vidole na kukigeuza akitafuta madoa. Walimfundisha mbegu, matuta, ukungu, Shangi, ambayo ndiyo aina inayopendwa zaidi na wanunuzi, na lumbesi, lile gunia linaloshonewa kilemba juu ili dalali abebe zaidi kwa bei ileile. Mwaka huo serikali ilikuwa imetoa kanuni kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50, na barabarani lumbesi bado zilikuwa zinapakiwa. Mwenzangu alikasirika kweli. Baba yake naye alikuwa amepunjwa na madalali, kwa namna nyingine, upande mwingine wa dunia, na hasira hiyo ilimtoa Kiswahili ambacho sikujua anacho. Siku hiyo hatukufundisha injili kwa mtu yeyote. Sijutii.

Jumatatu ilikuwa siku ya maandalizi: kufua kwa mkono kwenye karai, kwenda sokoni, kuwapigia wazazi simu, jambo ambalo tangu Februari 2019 tuliruhusiwa kulifanya kila wiki. Jioni moja ya Jumatatu, mikono yetu ikiwa imejikunja kwa sabuni, nilimsimulia habari za Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844. Miezi michache baadaye alimzika mkewe Rosine, na mtoto wao mchanga. Hakurudi Ulaya wakati ule. Aliendelea kujifunza Kiswahili, akianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo mwaka huohuo, na mmoja wa waliomsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa. Kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa. Mwenzangu aliniuliza kama kadhi yule alibatizwa. Nikasema hapana. Akanyamaza, akaendelea kusuuza shati.

Njoro tulikuwa na mwalimu mstaafu aliyetupokea kila wiki, mtu wa vitabu, Mpresbiteri wa siku nyingi, mwenye maktaba ya rafu mbili sebuleni. Alikuwa akitusikiliza kwa makini na kutoa hoja. Siku moja alitungoja na swali tayari. Alitaka kujua kama ni kweli kwamba kanisa letu liliwanyima watu weusi ukuhani. Mwenzangu akaanza kujibu kwa Kiingereza. Mwalimu akainua mkono. “Nijibu kwa Kiswahili, binti. Kiingereza kina maficho mengi.”

Nilimwona akitafuta maneno. Kwa Kiingereza angeweza kuzunguka: nyakati zilikuwa tofauti, viongozi walikuwa wanadamu, na mengineyo ambayo sote tumeyasikia. Kwa Kiswahili hakuwa na njia ya kuzungukia.

“Ndiyo, mwalimu. Ni kweli. Mpaka mwaka 1978. Mwanamume mweusi hakupewa ukuhani. Watu weusi, wanaume na wanawake, walizuiwa baraka kubwa za hekaluni.”

“Kwa sababu gani?”

“Watu walitoa sababu nyingi. Sababu zile si kweli. Sasa kanisa limezikataa.”

“Na wewe unaonaje?”

“Ninaumia,” alisema. “Huyu hapa ni dada yangu.”

Mwalimu akanigeukia. Nilijua zamu yangu ingefika. Nilimwambia kwamba nililisoma jambo hilo kabla sijabatizwa, kwamba lilinisumbua na bado linanisumbua, na kwamba nilibaki kwa sababu ya kile nilichokipata nikiwa nimepiga magoti chumbani kwetu Arusha, kitu ambacho sikuwa tayari kumwachia mtu yeyote, hata wale waliowahi kusema si changu. Mama yangu alizaliwa kabla ya 1978. Siku tulipokuwa tunazungumza, hekalu tulilotegemea lilikuwa Johannesburg. La Nairobi lilikuwa bado (lilikuja kuwekwa wakfu mwaka 2025). Kanisa lenyewe lilisajiliwa Kenya mwaka 1991 tu. Nilimwambia yote hayo, na nikamwambia pia kwamba kuchelewa huko kuna maana, na sitaki kujifanya hakuna.

Alitikisa kichwa pole pole. Hakujiunga nasi, wala hakuwahi kusema atajiunga. Alisimama akatoa rafuni kitabu cha sarufi kilichochakaa, akamkabidhi mwenzangu. “Umejibu vizuri,” alisema, “ila vitenzi vyako bado vinahitaji kazi. Wiki ijayo tutaanza na kauli ya kutendeka.” Akatufundisha kweli, kila wiki, mwalimu na wanafunzi wawili, halafu nasi tukapewa nusu saa yetu ya injili. Kwa maoni yangu hakuna mpango wa haki kuliko huo.

Tarehe 13 Machi 2020 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Siku chache baadaye likaja agizo kwamba wamishonari wa kigeni warudishwe makwao. Usiku wa tarehe 25 ndege za abiria za kimataifa zingesimamishwa, kwa hiyo hapakuwa na muda wa kuaga. Hatukuruhusiwa kwenda Kaptembwo. Tulipiga simu, na mama muuza mboga alizungumza na mwenzangu kwa muda mrefu: habari za bei kushuka sokoni, mtoto aliyefungiwa shule, nguo nzito za kuvaa kwenye ndege, salamu kwa mama yake Idaho. Mimi nilikuwa nimeketi kando nikikunja sketi, tayari kutafsiri. Sikuitwa. Mwalimu wa Njoro alituma ujumbe mfupi, akitaka sarufi irudi kwa posta ikishamalizwa.

Mimi nilimalizia utumishi wangu Tanzania. Yeye alisomea uuguzi na sasa anafanya kazi Salt Lake City, ambako kuna wakimbizi wengi kutoka Kongo ya mashariki wanaozungumza Kiswahili. Hospitali ina wakalimani wake rasmi, lakini zamu ya usiku ni ndefu, na wagonjwa wanapenda kuzungumza mambo yasiyo ya ugonjwa. Wanamwambia anaongea kama mtu wa Kenya, wakati mwingine kama mkulima wa Kenya.

Juzi alinipigia, kwangu ikiwa asubuhi. Bibi mmoja wa kutoka Uvira alikuwa hali chakula. Mwenzangu aliketi kando ya kitanda chake akamwuliza anataka nini, na bibi akataka sombe, iliyotwangwa, yenye mafuta ya mawese. Daktari ameruhusu. Duka lenye majani ya muhogo analijua, kupika hajui. Alikuwa na kalamu mkononi na alitaka nimtajie kila kitu kwa utaratibu, kuanzia muda wa kuchemsha.