Mkono Ulionyooka na Mkono Uliokakamaa

Mkono kunyooka ni jambo moja. Mkono kukakamaa ni jambo la pili. Tofauti yao ni ndogo kwa macho, lakini ni kubwa kwa matokeo, nami nilichelewa kuijua. Nilifundishwa mara mbili: kwanza katika uwanja wa gofu wa Gymkhana, Dar es Salaam, ambako nililipa ada, pili nyumbani kwetu Mwanjelwa, Mbeya, ambako somo hilo lilikuwa mbele ya macho yangu tangu utoto, nisilione.

Niliingia katika mchezo wa gofu nikiwa na umri wa miaka 42, kwa ushauri wa daktari aliyenikataza kuketi kutwa juu ya vitabu. Mwalimu wangu alikuwa mzee aliyeanza ujanani kwa kubeba mikoba ya wachezaji. Alinieleza kwamba kwa mtu apigaye kwa kuume, mkono wa kushoto ndio kiongozi: fimbo inapopelekwa nyuma na kuinuliwa, mkono huo hunyooshwa ili duara la fimbo liwe pana, na mkono wa kulia hukunjika kiwikoni kumpa mwenzake nafasi. Niliyapokea maneno hayo kama mwanafunzi apokeavyo kanuni ya sarufi. Niliunyoosha mkono hata ukawa kama mti wa uzio, na fimbo nikaibana kama mtu aogopaye kunyang'anywa. Mpira ama haukuguswa kabisa, ama ulijiburura majanini hatua chache ukasimama.

"Mwalimu," aliniambia mzee yule, kwani aliiheshimu kazi yangu hata pale nilipokuwa mwanafunzi wake, "nilikuambia uunyooshe mkono, sikukuambia uugombeze."

Sababu yake si ngumu. Mkono una misuli ya mbele iukunjayo na misuli ya nyuma iunyooshayo. Mtu akiikaza yote pamoja, amewagombanisha watumishi wawili wa nyumba moja: nguvu nyingi hutumika, wala kazi haitendeki. Mkazo huanza vidoleni, hupanda katika kigasha, hufika begani. Bega likikazana, kiwiliwili hakigeuki, na fimbo huinuliwa kwa mikono peke yake badala ya kuzungushwa kwa mwili mzima. Tena fimbo inaposhuka, misuli iliyokazwa huuvuta mkono ukafupika kidogo, na upungufu wa upana wa kidole hutosha kuukosa mpira mdogo kama ule.

Baadaye nilisoma habari za Calvin Peete, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1943 na kufariki mwaka 2015. Utotoni alianguka kutoka mtini akavunjika kiwiko cha kushoto, na tangu hapo mkono ule haukunyooka tena sawasawa. Kwa kanuni yangu, mtu huyo hakustahili hata kushika fimbo. Lakini alishinda mashindano 12 ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani, na kwa miaka 10 mfululizo, toka 1981 hadi 1990, hapakuwa na aliyempita kwa usahihi wa pigo la kwanza. Mkono wake haukunyooka, wala haukukakamaa.

Niliposoma hayo niliona haya, kwa maana nilimkumbuka mama yangu. Yeye naye alivunjika kiwiko cha kushoto, alipoteleza mtelemkoni na mzigo wa viazi, na mfupa uliunga vibaya. Mwaka ule nilikuwa nimemwambia kuwa mkono wake umekwisha kazi, na shamba lake la upande wa Uyole nikalikodisha kwa mtu mwingine. Nilidhani ni huruma. Mama hakubisha, alinyamaza tu, nami niliuhesabu ukimya wake kuwa ni ridhaa.

Mwezi wa Juni nilikwenda kumwamkia. Asubuhi ya baridi, ukungu ukiwa bado juu ya Mlima Loleza, nilimkuta nyuma ya nyumba akilima kitalu kisichozidi upana wa chumba. Nilisimama nikamtazama. Jembe lilipopanda, viganja vyake vililegea. Mkono uliokunjika uliufuata mpini pasipo kushindana nao, na mabega yakageuka pamoja nao. Juu lilitua kitambo cha pumzi moja. Kisha likashuka kwa uzito wake, na viganja vikakaza pale tu lilipogusa udongo.

"Shikamoo, mama. Nani alikufundisha kulima hivyo?"

"Marahaba, mwanangu. Jembe ni zito. Ukilibana litakuchosha kabla jua halijapanda. Mimi naliinua, kushuka linashuka lenyewe." Akafuta jasho. "Lakini nami nakuuliza: shamba langu ulimpa nani?"

Nina shahada ya uzamivu katika lugha hii, na sikupata neno la kumjibu. Mkono niliomnyooshea mama kwa msaada ulikuwa umekakamaa. Nilikuwa nimeushika uzee wake kama nilivyoishika fimbo, kwa hofu ya kupoteza, na hofu haina shabaha.

Mavuno yalipokwisha, muda wa mpangaji nao ukaisha, na shamba likarudi kwa mwenyewe. Nilimkabidhi habari hiyo nikiwa nimesimama mlangoni. Alinijibu neno moja la kwetu: "Ndaga." Kisha akaniuliza kama nimekula.