Siki, Ukwaju na Kichwa cha Injini



Juma hili naomba niwaandikieni habari za kutu. Mwinjili Mathayo, katika sura ya 6, anaitaja pamoja na nondo, nasi mapadre tumezoea kuihubiri kama mfano. Ni mara chache tunaitazama kama kitu chenyewe, kile kinachokula chuma mbele ya macho yetu. Nilipata nafasi hiyo mwishoni mwa kiangazi, katika kigango kimoja upande wa Bahi.

Huko kikundi cha akina mama kina mashine ya kusaga. Umeme umekwisha kufika kijijini, lakini hukatika, ndiyo maana hawakuiuza injini yao ya zamani ya dizeli, ya silinda moja, inayopozwa kwa maji ya pipa. Sasa nayo ilikuwa ikichemka kabla ya kumaliza gunia moja la mtama. Siku ambayo umeme haupo na injini haiwaki, debe la uwele hubebwa kichwani hadi kijiji cha pili, au watu hurudia kinu na mchi. Mweka hazina alikwisha kuulizia mjini bei ya kichwa kipya cha silinda. Ingemaliza akiba yote ya kikundi, pamoja na fedha za mbegu.

Fundi waliyemwita ni mzee wa makamo ya babu yangu. Alikifungua kichwa kile, akakigeuza juani, akasema, “Baba Padre, hiki hakijafa. Kimekabwa koo tu.”

Kilichokikaba ni maji yetu wenyewe. Mvua ya Dodoma ni haba, nayo hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki tunategemea visima, na vingi vina maji ya chumvi. Maji ya pipa yanapopata moto, mvuke huondoka lakini chumvi na chokaa hubaki, kisha mtu huongeza ndoo nyingine, na kesho nyingine. Miaka ikipita, njia za maji ndani ya chuma huziba kwa ukoko mweupe, uleule tunaouona chini ya birika la chai. Joto hukosa pa kutokea.

Nilidhani mzee angeagiza dawa ya dukani. Aliagiza siki, malimau na ukwaju. Siki ya kawaida ina asidi yapata sehemu 5 kwa 100, limau lina asidi yake ya sitriki, na ukwaju una asidi ya tatariki, ileile iliyomo katika zabibu zetu za Dodoma. Akaziba matundu ya chini kwa vipande vya mti na mpira, akajaza siki katika njia za maji. Mara tukasikia mchemko mdogo kama wa soda iliyofunguliwa. Ni gesi inayotoka chokaa inapoyeyuka. Mchemko ulipokoma alimwaga, akajaza upya, na hivyo hivyo hadi usiku. Boliti na vyuma vingine vyenye kutu alivitia katika ndoo ya maji ya ukwaju uliochujwa.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo lililonikalisha kibarazani siku mbili. Asidi haina macho. Ikimaliza kutu huanza kula chuma kizima, haisubiri kuambiwa. Kwa hiyo mzee hakulala bila kuvitoa vile vyuma, kuvisugua kwa dodoki na kuvitazama kimoja kimoja. Springi za valvu hakuzitia kabisa. Alisema chuma kigumu namna hiyo kikilowekwa katika asidi huweza kukatika baadaye kikiwa kazini. Pistoni, kwa kuwa ni ya alumini, aliiepusha na magadi, maana magadi huondoa grisi vizuri sana kwenye chuma, lakini alumini huila. Masizi yaliyogandamana juu yake aliyalowesha kwa mafuta ya taa, akayakwangua kwa kipande cha mti mgumu, si kwa bisibisi. Petroli aliikataa, kwa sababu mvuke wake hutambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa la jirani. (Nimewaona mafundi wengi mjini wakioshea vyuma kwa petroli huku sigara i mdomoni. Sijui malaika wao hupumzika saa ngapi.)

Jioni ya kwanza kijana msaidizi alileta dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ile yenye klorini, akitaka kuiongeza katika ndoo ya siki ili kazi iende haraka. Mzee aliinuka kwa kasi ambayo sikuitazamia katika miguu ile, akamshika mkono. “Mjukuu wangu, unataka kutuua?” Alikuwa na haki. Vitu hivyo viwili vikichanganywa hutoa gesi ya klorini, ileile iliyofukizwa juu ya askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Akina mama wengi huvihifadhi katika rafu moja jikoni. Tafadhali, msivichanganye kamwe, hata kwa kusafisha choo.

Baada ya asidi, vyuma vilisuuzwa kwa maji yenye magadi kidogo ili kuikata makali, kisha kwa maji ya mvua yaliyobaki katika tangi la kanisa. Maji ya kisima yangerudisha chumvi. Vikaanikwa juani, na kabla havijapoa vikapakwa oili, kwa maana chuma kilichotoka kuoshwa hushika kutu upya baada ya saa chache tu.

Valvu moja ilikuwa imeliwa mno, ikanunuliwa nyingine pamoja na gasketi. Fedha za mbegu zilibaki. Siku ya tatu injini iliwaka, ikasaga magunia manne mfululizo, na maji ya pipa yakawa ya uvuguvugu tu. Mzee amewaagiza akina mama watumie maji ya mvua katika pipa kadiri tangi litakavyoruhusu. Tangi hilo kwa kawaida hukauka Agosti, nao watarudi kisimani. Amesema wamletee tena kichwa kile baada ya mavuno mawili.