Mchezaji wa Mwisho

Sisi tuliokulia Khunyangu, katika Busia, tumezoea kandanda, ambayo kosa la mmoja huweza kufunikwa na wenzake kumi. Skwoshi, ewe msomaji, haina huruma hiyo. Wawili hujifungia baina ya kuta nne, mita 9.75 kwa 6.4, wakipokezana kuupiga ukutani kwa raketi mpira mdogo wa raba. Katika ligi kila mmoja hucheza peke yake, lakini ushindi wake ni wa timu. Timu za watu watano zikiwa mbili kwa mbili, wa mwisho huingia na mzigo wa wote. Katika vilabu vya ridhaa mwamuzi aghalabu ni mchezaji mwenzao. Mpira ukidunda mara mbili naye asione, mpigaji ajua. Hapo mimi huacha kuutazama mpira, nikamtazama yeye.