Ngoma Isiyosema Kiswahili

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulipohamia Kasongo mambo yaligeuka, maana wenyeji ndio waliotuponya.

Sisi, mume na mke, ni watu wa Uvira, ukingoni mwa ziwa Tanganyika. Kazi ya ualimu ndiyo iliyotutoa huko pamoja na watoto wetu watatu. Tulipitia Baraka na Fizi, tukaliacha ziwa nyuma ya milima, na baada ya siku nyingi za matope tukafika Kabambare, nchi ya Wabangubangu. Tulipumzika hapo, kisha tukashika njia ya Kasongo.

Njia hiyo ni ya kale. Katika karne ya 19 wafanya biashara wa Unguja na Pwani walivuka ziwa kutoka Ujiji hadi Mtowa, wakapita Kabambare kwenda Kasongo na Nyangwe, karibu na mto Lualaba. Walitafuta pembe za ndovu, tena walichukua watumwa. Tippu Tip aliufanya mji wa Kasongo kuwa makao yake. Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Dola ya Kongo liliuteka. Utawala ule ulipita, na ule ulioufuata nao ukapita, bali lugha ya misafara ilibaki. Ndiyo Kingwana, Kiswahili cha watu wa Maniema.

Kwa hiyo hatukupata shida ya kusema na watu. Ni kweli kwamba watoto waliwalilia ndagala wa ziwani. Lakini mchele wa Kasongo ukawanyamazisha. Muziki nao haukututisha. Jumapili tuliimba pamoja na wenzetu kanisani, na majirani zetu Waislamu walipopiga matari usiku wa Maulidi, tulijua ni nini. Tukajiambia: Hapa ni kwetu.

Usiku mmoja, kabla jogoo hajawika, tulisikia mlio wa mti kutoka ng'ambo ya bonde. Zilikuwa sauti mbili, moja ya juu, moja ya chini, zikipokezana upesi upesi, kisha kimya, kisha tena. Mtoto wetu mkubwa akauliza: "Baba, wanacheza ngoma saa hizi?"

"Ndiyo, mwanangu, kuna sherehe. Lala."

Kulipokucha tuliwasha redio, tukafua nguo, tukacheka na watoto. Jioni ndipo tulipopata habari. Jirani yetu, yule mama aliyetuletea moto na maji siku ya kwanza, alikuwa amefiwa na mama yake mzazi. Mtaa mzima ulikuwa matangani tangu alfajiri. Nyumba yetu peke yake haikuonekana, na redio yetu ilisikika hadi uani kwa wafiwa!

Tulikwenda tumeinamisha vichwa. Mzee mmoja Mkusu akatukaribisha mkekani, akasema kwa upole:

"Bwana mwalimu, gogo liliwaita. Hamkusikia?"

"Tulisikia, Mzee, ila tulidhani ni furaha."

"Basi hamkosi sana. Gogo halisemi Kiswahili. Lile husema Kikusu."

Gogo hilo, ambalo Wakongo wengi huliita lokole, huchimbwa ndani kwa kupitia mwanya mwembamba. Midomo miwili ya mwanya hutoa sauti mbili. Katika lugha kama Kikusu sauti hupanda na kushuka, na neno likipandishwa au kushushwa huweza kugeuka maana. Fundi huiga mwendo huo juu ya mti. Na kwa kuwa maneno mengi hulingana kwa sauti, huliongezea kila neno maneno mengine ya kulipambanua. Mmisionari John Carrington, aliyeishi na Walokele huko Yakusu, karibu na Kisangani, aliyaeleza mambo hayo katika kitabu cha mwaka 1949. Kiswahili chetu hakina mpando huo. Hutilia mkazo tu silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo sababu lugha iliyotufungulia kila mlango sokoni haikutufaa kitu usiku ule.

Mama wa nyumba aliingia jikoni kutwanga pamoja na wanawake, baba akapasua kuni. Jirani yetu alitushika mikono, asitaje redio hata mara moja. Tangu siku hiyo watoto walikwenda kwa yule mzee kila jioni, nao wakarudi wakigonga meza kwa vijiti hadi masikio yetu yakachoka.

Simu za mkononi zimefika, lakini si kila bonde lina mtandao. Miezi kadhaa baadaye gogo lililia tena usiku. Safari hii mtoto ndiye aliyetuamsha: "Mama, Baba, inukeni. Kuna msiba."

Tulichukua mkeka na kuni, tukatoka. Njiani tulikutana na majirani, nao hawakushangaa kutuona. Msomaji mpenzi, ukihamia ugenini, usitosheke na lugha ya sokoni. Uliza pia ngoma yao inasema nini.