Kikulacho Ki Nguoni Mwako

Palikuwa na msichana darasani mwangu aliyelikwepa jua kila saa ya michezo. Nilimdhania mvivu, nikamkaripia mbele ya wenzake. Kesho yake mama yake alinijia. “Mwalimu,” akasema, “mwanangu si mvivu. Ana lupasi, na jua humchochea maradhi.”

Aibu ilinipeleka vitabuni. Huko nilikutana na nyutrofili, chembe nyeupe za damu zilizo nyingi kuliko nyeupe nyingine zote, askari wa kwanza kuwakabili vijidudu. Mwaka 2004 wataalamu wa Berlin walieleza jinsi zinavyotupa nje nyuzi zao za DNA, mfano wa wavu wa mvuvi, zikanasa bakteria. Katika lupasi nyavu hutandwa kupita kiasi, wala haziondolewi upesi. Mwili huziona nyuzi hizo adui, ukajipiga wenyewe. Na kwa watoto, figo hudhurika mara nyingi zaidi kuliko kwa watu wazima.

Nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile. Mwili wake ulimdhania mwenyeji kuwa adui. Mimi nilimdhania mgonjwa kuwa mvivu. Kosa letu lilikuwa moja: kupiga kabla ya kutambua.